Kugawa Diski

Saa sita usiku, Mbale. Mvua imekata kauli.
Skrini nyeusi inaniandikia kwa herufi nyeupe
kwamba haioni kitu cha kuwasha.
Haioni! Na diski imo humo humo tumboni,
nimeweka sikio kwenye kibodi, naisikia
ikikoroma kama paka aliyeshiba omena.

Kosa ni langu, nisiisingizie stima.
Jana nilimwambia ndugu yangu Agufana: tuigawe.
Wewe baki na Windows na ramani zako za upimaji,
mimi nipe jigabaiti mia mbili, nipande Ubuntu.
Akauliza, "Mia mbili? Zote?"
kwa sauti ile ile aliyomwuliza baba mwaka juzi,
siku ya kamba na vigingi,
robo ekari ilipokatwa vipande viwili
na mkonge ukapandwa katikati.
Mkonge, si lusiola.
Mizizi ya lusiola haijui adabu.

Nilivuta mpaka kwa kidole, kulia, kushoto kidogo,
kama mwenye duka anayepima unga wa mkopo.
Nikabonyeza. Nikaenda kupika chai.
Niliporudi, mashine ilikuwa imeandika *Imekamilika*,
uongo wa mchana kweupe.

Sasa naingilia mlango wa nyuma,
kwa flashi ya Imali iliyofungwa plasta kiunoni.
Nionyeshe vigawanyo, naamuru.
Vinajitokeza mmoja mmoja:
kale kadogo ka mbele, mega mia, kama kibanda cha bawabu;
cha Agufana, kipana, kimenuna;
changu, kipya, bado kinanuka rangi.
Vyote vipo.
Mahindi hayajaguswa, mkonge umesimama wima.
Kilichopotea ni lango.

Ndipo nikakumbuka.
Ili flashi ikubali kusomeka, niliingia kule chini kabisa,
nikageuza desturi ya kuwasha, ya sasa ikawa ya kale.
Nimejenga nyumba nzima
uso ukielekea njia iliyofungwa enzi za babu.

"Bado mnashindana na hicho chuma?"
Mama anapita na ndoo, hangoji jibu.
Agufana yuko kwenye kochi, anajifanya amelala.
"Ramani za Adagala zimo humo," anasema, macho yamefumbwa.
"Jumatatu."
Basi. Hakuniongezea neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Narudisha desturi. Nawasha upya flashi.
Nagonga kwake nimtolee ramani: mlango unakataa.
Mwenyewe hakuhama, linasema onyo, amejipumzisha tu.
Kumbe Windows huzimwa kwa jina;
hulala jicho moja wazi, funguo mkononi.
Naruhusiwa kutazama, nisiguse.
Natazama: mawe ya mpaka ya Adagala, yote kumi na moja.
Kochi linashusha pumzi.

Nampandisha bawabu mpya kwenye kile kibanda,
herufi kwa herufi, maana kosa moja la mkwaju
na tunalala nje.
Nachomoa flashi. Nawasha.
Menyu hii hapa!
Ubuntu.
Ubuntu, kwa chaguo za ziada.
Basi.
Jina la ndugu yangu halimo.

Nakiri, nilikaa nikiitazama ile orodha
muda mrefu kuliko ilivyohitaji fundi.
Ilikuwa safi. Ilikuwa yangu.
Na huo mfumo wenyewe, jina lake ni utu.

Kuna kijumbe kinachopaswa kubisha hodi kwa majirani
na kuandika nani anaishi wapi;
siku hizi hukizima tangu kinapotoka kwao.
Nikakiamsha. Kikaenda. Kikarudi na jina.

Sasa mistari ni mitatu, na sekunde kumi zinahesabika.
Agufana kaja, kanukia blanketi,
kanyoosha kidole juu ya bega langu,
kashusha kishale chini, chini tena, kabonyeza.

Samawati. Vitone vinazunguka.
*Tunasasisha. Asilimia tatu. Usizime.*
Tukaketi wote wawili kwenye kiti kimoja,
kila mtu na nusu yake.