Chupa Yenye Kiuno

Bwana Kapya mwenye baa kule Katuba
alinipa vipimo kwa mikono yake,
akaikata hewa mara mbili, huku na huku:
"Hapa pajae, hapa pabonyee.
Chupa utaiweka pembeni."
Na uso? nikauliza.
Akacheka. "Uso ukipata nafasi."

Miaka sita nimekula bukari kwa hesabu hiyo.
Nimechora mamba muntu wa saluni, wa sebuleni,
wa duka la simu,
nusu samaki, nusu haja ya mwenye pesa,
saa mkononi, nyoka begani,
na mteja hurudi na neno lilelile: ongeza kifua.
Sijasikia hata mmoja akisema
ongeza magamba.

Njia panda ya kwenda Ruashi kuna bango la bia
refu kuliko nyumba yetu:
mwanamke, kuanzia shingo hadi magoti.
Mji mzima unakijua kitovu chake.
Mimi namjua mwenyewe.
Ni Mujinga, auzaye unga nyuma ya soko la Kenya
(Kenya yetu, si ile yenye Nairobi).
Walimpiga picha asubuhi moja,
wakampa nauli na fulana mbili.
Sasa hupita chini ya tumbo lake mwenyewe
na beseni limetulia juu ya utosi,
na hakuna anayemtambua:
ana kichwa.

Ndiye aliyeniletea magunia matupu.
Nikayafua, nikayawamba, nikayapaka gundi,
maandishi ya kinu yakakataa kufutika,
KILO 25, yakakaa pale pale kifuani.
Nikayaacha.
Nikachukua waridi ya milango ya saluni,
njano ya madumu ya mafuta,
kijani cha jiwe la shaba,
na vizibo vya bia ileile
nikavichovya, nikachapa nukta moja moja,
ngozi yote nukta,
hata ukisogea kutafuta mwili
mwili unakukimbia, unabaki na vizibo.

Usoni nilitaka macho ya moto, macho ya kushtaki.
Mujinga akakataa.
"Siku ile nilikuwa na njaa, nimebanwa na mkojo,
na yule kijana ananiambia tabasamu kwa kiuno.
Nichore napiga miayo."
Basi nikamchora anapiga miayo,
mara kumi na mbili, safu nne,
kinywa wazi mpaka magego,
jino moja limetoboka, nikalipa dhahabu
ambayo hana.

Alipoziona zimekauka alikaa kimya,
kisha akauliza kama anayepima unga:
"Wao waliniuza mmoja. Wewe umeniuza kumi na wawili.
Fungu langu ngapi?"
Sikuwa nimelifikiria.
Aibu ilinipanda kama moshi wa jiko bichi.
Nusu kwa nusu, nikasema,
naye akanitemea mkono kabla ya kuushika.

Bwana Kapya alikuja kudai picha yake.
Akasimama, akarudi nyuma, akasogea,
akatafuta alichozoea kukitafuta,
halafu taya likamshuka lenyewe,
akapiga miayo,
mirefu, yenye machozi,
akafunika mdomo kwa kofia.
Hakununua. Kesho yake akamtuma mtoto
aulize bei ya ile ya kijani.

Novemba, mvua ikalibandua lile bango.
Tumbo likaning'inia kama nguo kambani,
na chini yake nikaona tangazo la zamani,
sabuni, mgongo wenye povu, bila kichwa;
na pale mgongo ulipochanika,
goti la mwingine, karatasi imegeuka chai,
sijui la nani, la mwaka gani.
Nikasimama na mwavuli wangu mbovu,
nikihesabu.
Nyumbani nikatia gunia jingine majini.