Ukaguzi wa Ghala

Umeme ulikatika Jumanne, theluji ikalalia nyaya,
na uliporudi, seva ilipiga chafya mara mbili, ikanyamaza.
Nimekuja peke yangu, na chupa ya chai na soksi za akiba.
Hapa Tartu mto umeganda. Vipimo vyetu vya mafuriko vimelala,
lakini mwezi wa nne barafu itavunjika,
na watu wa Ihaste watapiga simu kuuliza
maji yatafika lini mlangoni.
Programu ya kuwajibu imo humu. Kama bado imo.

Naandika amri, nabonyeza.
Mashine inachukua kila faili, kila toleo, tangu mwaka wa kwanza,
inaisaga upya kama punje, inaupima unga,
inalinganisha na alama iliyoandikwa siku ya kuzaliwa kwake.
Herufi arobaini. Gusa nukta moja, alama yote hugeuka;
haijui “karibu sawa”, haijui “ni kitu kidogo tu”.
Laiti ningekuwa na ndugu wa namna hiyo.

Elfu kumi na mbili. Elfu thelathini na nne.
Kila toleo humtaja mzazi wake, na mzazi humtaja babu;
ukimchezea babu, wajukuu wote hubadilika sura.
Ndiyo maana siogopi wezi.
Naogopa kutu. Naogopa biti moja
iliyochoka kusimama.

Asilimia sitini na moja, mstari mwekundu:
limeharibika.
Ni jedwali la kituo cha Luunja.
Na chini yake, kwa rangi ya kawaida, kama kitu kisicho na haraka:
toleo yatima. Hakuna tawi linalolishika.
Mwandishi, Endel Raudsik.
Tarehe, siku tisa kabla moyo wake haujasimama
kwenye ngazi za maktaba.
Ujumbe: “Nguzo ya Luunja imezama, sentimita nne hivi.
Sina hakika. Kesho nitamwambia Urve.”

Urve ni mimi.
Na tawi lake nililikata mimi,
wiki ya mazishi, tulipokuwa tukifanya usafi.

Asubuhi nilibisha kwa Leida, mjane wake.
Kompyuta ya marehemu ilikuwa kabatini, nyuma ya mitungi ya matango.
Alifungua bila kuuliza, kisha akauliza:
“Jina lake mlilibandua mlangoni kabla maua hayajanyauka.
Leo mnamhitaji?”
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na waya.
Nakala yake ya jedwali ilikuwa nzima,
herufi arobaini kwa herufi arobaini.
Nikalirudisha mahali pake,
na yule yatima nikampa tawi, nikaliita Kesho.

Nikakagua tena. Safi, hakuna kilichopungua.
Lakini ghala hujua tu kwamba neno halikubadilika;
kama lilikuwa kweli, halijui,
na jedwali zima lisilo na doa
laweza kuwa limekosea sentimita nne tangu mwanzo.

Basi tukaenda Luunja, Leida akiwa na tochi
ingawa ni saa tisa tu alasiri.
Kuna msumari wa shaba kwenye ukuta wa gati,
nami nashusha futi kamba kutoka hapo hadi kichwa cha nguzo.
Upepo unaipinda. Naanza upya.
“Ngapi?” anauliza.
Subiri, namwambia,
mkono unatetemeka.