Sahihi Moja

Saa nane za usiku Chemnitz haina mtu,
ni mimi na unga, na redio inayokoroma,
na theluji juu ya reli za tramu.
Nakanda. Mikono inaijua kazi yake;
kichwa kiko ofisi ya ustawi wa watoto,
ghorofa ya pili, mlango wa kijivu,
kwa Bibi Oehme mwenye kalamu tatu mfukoni.

Alinipa karatasi: hapa mama, hapa baba.
Mstari wa baba nimeujaza kwa herufi kubwa,
FALK RENNEBERG, kama mtoto wa darasa la kwanza
anayeogopa mwalimu atashindwa kumsoma.
Wa mama u mtupu tangu Septemba.
Wiebke anasema atafikiri. Anafikiri
huku anafunga masanduku. Amepata kazi Kiel,
na Kiel ni saa sita kwa treni.

Waliosema kitanda hakizai haramu
walikuwa na kitanda. Sisi tulikuwa na godoro sakafuni.
Tulisema tutaoana kiangazi;
kiangazi kikaja na bili ya gesi.
Jorinde alipozaliwa nilikiri mbele ya karani
kwamba huyu ni wangu. Wakagonga muhuri,
nikaenda zangu nikidhani muhuri ni kamba.
Kumbe ni wino.
Ubaba niliandikiwa. Malezi sikuandikiwa.

Wakili alisema njia zipo.
Tukae na msuluhishi, watu watatu na jagi la maji.
Au niombe mahakamani, na hakimu aulize
kama mtoto atadhurika
wazazi wote wawili wakiwa na kauli.
Njia nyingine aliisema akitazama saa yake:
nikubali Jumamosi mbili kwa mwezi.
Kisha akauliza, kwa upole,
mtoto akilala kwako, saa nane yuko na nani?
Sikujibu.
Saa nane mimi ni unga.

Kaka yangu Udo ana njia yake, ya baa:
mchukue tu, mwondoke.
Nilimwambia mtoto si mkoba.
Lakini sitadanganya. Novemba, stesheni,
mkono wake ndani ya glavu yangu,
nilisoma ubao wa treni kutoka juu hadi chini,
Leipzig, Nuremberg, Prague,
nikarudia kusoma.
Akasema, Baba, mkojo umenibana.
Tukatafuta choo. Tukarudi nyumbani.

Sasa nimemwomba tajiri zamu ya mchana,
kuuza, si kuoka; mshahara unapungua
na mikono yangu haijui kutabasamu.
Amesema ataona.

Jana Wiebke alipiga simu.
Jorinde analia, jino lake la mbele haliko,
liling'oka kwako, uliliweka wapi?
Nikasema liko kwenye kopo la hamira.
Akacheka, kidogo, kicheko cha zamani,
kisha akakumbuka tuko vitani.
Kimya kikawa kirefu, nikamsikia akifunga kabati.
Lete Alhamisi, akasema.
Na ile karatasi, ilete pia.
Sijasema kitu, Falk. Ilete tu.

Nimeitia ndani ya mfuko wa mkate, isilowe.
Jino nimelihamishia mfuko wa shati.
Tanuri limeshika moto. Leo Jumanne.