Vina vya Kukopa

Darasa letu liko nyuma ya ghala la tumbaku, Arua,
Jumanne na Alhamisi, soko likishafungwa.
Wanafunzi kumi na mmoja, madawati manne,
taa ya sola inayochoka ifikapo saa mbili na nusu.
Mimi ndiye mwalimu kwa sababu nina chaki.

Kwa Kiswahili, niliwaambia, vina ni mvua ya Agosti:
huvitafuti, vinakulowesha.
Kiingereza ni bahili. Kina chake unakisaka
kama shilingi iliyodondokea kwenye gunia la ufuta.

Tukaanza na vya sokoni.
Raisi, mchele. Praisi, bei. Maisi, panya.
Zamzam wa cherehani akaangua kicheko:
"Kumbe mchele ni rais, na bei inamfuata kila aendako!"
"Na panya?"
"Panya ni mawaziri," akajibu Ezati wa bodaboda,
tukacheka mpaka mlinzi wa ghala akagonga ukuta.

Kisha laiti. Ni mwanga, nikasema,
nao wakaandika: laiti, mwanga,
ingawa kila mmoja alikuja na laiti yake kutoka nyumbani,
ile ya zamani, ya laiti ningalijua.
Naiti, usiku. Faiti, ugomvi. Taiti, yenye kubana.
Ezati akatunga sentensi nzima kwa vina hivyo,
kuhusu suruali. Siirudii hapa.

Dai ni kufa. Hapo walisita.
Kwetu dai ni deni unalolisimamia mlangoni kwa mtu.
"Basi ni lile lile," akasema Zamzam,
"ila mdai huyu hapokei kidogo kidogo."

Nilipofika kwenye tuum,
Candiru, muuza samaki wakavu, akanyoosha mkono:
"Tumbo!"
Ulikuwa mkono wake wa kwanza tangu Februari.
Hapana, nikasema. Tumbo la uzazi ni wuum.
Tuum ni kaburi.
Yanalingana kwa sauti, ndiyo maana nimeyapanga jirani.
Nikayaandika ubaoni, na mwishoni mwa kila moja, herufi b.
"Hii b haisemwi."

Akaitazama muda mrefu,
vidole vyake vya moshi na chumvi vimetulia juu ya daftari.
"Kama haisemwi, kwa nini imeandikwa?"

Kuna jibu, la Kilatini au la wafalme wao,
niliwahi kulisoma mahali, sikulishika.
Nikaanza kufuta chaki mikononi.

Akafungua mkoba wa plastiki, akatoa kadi ya kliniki
iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imekuwa matundu.
Ayikoru. Kilo mbili na nusu.
Safu ya chanjo ni tupu hadi chini.
"Nesi aliliandika," akasema. "Nyumbani hakuna anayelisema."

Candiru, kwa Kilugbara, ni taabu.
Ayikoru ni furaha.
Mama na binti, kina kimoja,
ile ru wanayotundikiwa wasichana siku ya kupewa jina,
na mimi wiki nzima nilikuwa napekua kamusi.

Sikumbuki kama tulimaliza orodha.
Nakumbuka taa ilizimika, na hakuna aliyesimama.

Mkaguzi wa wilaya alikuja Oktoba na kalamu nyekundu.
Alitusikiliza, akatikisa kichwa:
mnakosea, b hiyo ni bubu.
Tukamshukuru. Tukamnunulia soda.
Pikipiki yake ilipopotelea barabarani
tukarudia maneno yetu, wao kumi na mmoja na mimi,
na kila tulipofika mwisho tukaisema,
kwa midomo tu, bila sauti ya koo,
polepole, kama mtu afungaye mlango
na ndani kuna mtoto aliyelala.