Tatu na Nusu

Tukuyu mvua haibishi hodi,
inaingia mpaka kwenye karatasi.
Gwakisa anawasha pasi ya mkaa,
kisha anaingoja ipoe
mpaka akiisogeza shavuni, shavu lisikatae.

Jarida la katuni la mwaka themanini na nne
analilaza kati ya karatasi mbili za kufyonza wino.
Juu ubao. Juu ya ubao
mawe matatu ya mto Kiwira.
Siku mbili, na asiulizwe.

Ndipo anavaa miwani ya fundi saa.
Pini zimeota kutu: toa.
Mgongo umevunjika mara sita: toa.
Doa la chai, ananusa, ya hapahapa Katumba: toa.
Na jaladani, kwa penseli ya kitoto:
*Ukimaliza mpe Sekela. Sekela mpe Ambokile.
Ambokile usilale nalo.*

Kanuni inasema maandishi ni uchafu.
Tusajigwe, aliyelileta ndani ya mfuko wa sukari,
akauliza, “Unaweza kufuta?”
“Naweza.”
“Basi usifute.”

Tatu na nusu kwa kumi.
Akalifungia kwenye plastiki ngumu,
akaziba pembe zote nne.
Unyevu sasa na ubaki nje, ukihema.

Tusajigwe akalishika kama kioo cha dirisha.
Kichekesho chenyewe kiko ukurasa wa mwisho,
huko ndani, hakuna wa kukifungua.
Njia nzima ya kurudi Ushirika
alikuwa akikisimulia peke yake mvuani,
akikosea,
akianza upya.