Neno Lenye Nyota

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la saa:
meza, mhuri, feni, na kibao cha jina langu,
Raya binti Suweid, mtarjumani wa kiapo.
Saa tano akaingia fundi wa mtambo wa Barka,
ule unaochuja chumvi kwenye maji ya bahari,
kashika cheti cha kuzaliwa kama mtu aliyebeba yai.
Mslovaki. Jina la ukoo: Nemec.

Nikamwambia, litamke nilisikie.
"Nyemets," akasema, akacheka peke yake.
"Maana yake Mjerumani.
Na maana ya Mjerumani ni bubu."

Akageuza stakabadhi yangu, akachora nyota nyuma yake,
kisha neno ambalo dada yake, mwalimu wa lugha za kale,
alimfundisha jikoni, wakimenya viazi.
Nyota, akasema, ni ungamo la wajuzi:
neno hili hatujalisikia,
halikuachwa kwenye jiwe wala ngozi;
tumelikisia kwa kuwatazama wajukuu,
kama unavyoichora sura ya marehemu
kwa pua za waliobaki.

Hapo kale mababu zake walikutana na watu,
wakawasalimu, wakajibiwa mngurumo.
Hawakusema: hatuwaelewi.
Walisema: hawa hawana ndimi.
Neno likazaa. Warusi wana lao, Wapolandi lao, Waserbia lao;
Wahungaria wakaliazima, hawakulirudisha;
Mturuki akalipokea mpakani, akaliita Nemche,
akampitishia Mwarabu, na Mwarabu…

Nikaiweka kalamu chini.
Nimsa!
Miaka ishirini na miwili naiandika Nimsa:
visa za Nimsa, hospitali za Vienna,
goti la bwana fulani lililotiwa chuma huko Nimsa;
nagonga mhuri, napulizia wino ukauke,
sikujua ndani yake kakaa bubu.

Nami namjua bubu huyo.
Mwaka sabini na tano, Matrah, darasa la tatu,
siku ya kumi tangu tuje kutoka Unguja.
Mwalimu kauliza, wote wakanigeukia.
Kinywani nina Kiswahili tele,
methali, matusi, mafumbo, hesabu mpaka mia tisa,
na hakuna hata kimoja cha kutumia pale.
Kharsa, wakanong'ona.
Mimi, niliyeitwa nyumbani Cherehani!
Mama naye alinunua mkate kwa kidole:
huu, na huu, na ule.
Usiku, akichambua mchele, alijisemea beti zake:

    Ulimi wangu mzima
    wenyewe wanausema
    kuwa ni wa kuazima
    na kumbe wao viziwi.

Lakini tusijitie usafi.
Waarabu wa kale nao, wale wasiowaelewa
waliwaita ajam, wenye ulimi uliofungwa,
nasi tukalipokea, tukaunda Mwajemi, tukaunda Uajemi,
hatukulifungua kuona limebeba nini.

Fundi akalipa riali tatu.
Jina lake nililiandika kwa sauti, si kwa maana;
sheria ndivyo itakavyo, na nilishukuru.
Ile stakabadhi ya nyota sikumpa. Nilimkatia nyingine.

Sasa iko mlangoni mwa friji, chini ya sumaku.
Muzna, mjukuu wangu, jana kaniuliza
kwa Kiarabu: nyota hiyo ya nini?
Nikamjibu kwa Kiswahili, taratibu,
kama mtu anayepapasa funguo gizani.
Akanisikiliza mpaka mwisho, adabu anazo,
kisha akamgeukia mama yake: Bibi anasemaje?

Pua yake ni ya mama yangu, ile ile, na kovu la tetekuwanga juu.
Akaniona nimenyamaza.
Akaja akanishika mkono,
akanambia lile moja analolijua:
pole.