Usianze na Maji

Hilo la kwanza ninalomfunza kila anayeajiriwa:
usianze na maji.
Masizi ukiyatia maji yanakuwa wino,
yanazama ukutani, na ukuta hausahau.
Anza na sponji kavu, ile nyekundu ya mpira,
juu kushuka chini, mkono mmoja,
bila kurudia ulipokwishapita,
kama unavyomfuta machozi mtoto aliyelala.

Michenzani, ghorofa ya nne, nyumba ya Bi Kidawa.
Umeme ulikatika Ijumaa, ukarudi na hasira zake,
friji likashika.
Jikoni pameliwa mpaka nondo zinaonekana.
Ukumbini moto haukufika, ulituma moshi tu,
na moshi hauna hodi wala hauna kwaheri:
umeingia kabatini ukavaa kanzu za watu,
umelala ndani ya mito,
umeonja hata sukari.

Shaame anashusha barakoa, ananusa.
"Ya mafuta haya. Plastiki."
Ana pua, Shaame. Mwaka jana kule Wete,
ghala la karafuu,
wiki tatu kila tulichokula
kilikuwa na ladha ya dawa ya jino.

Ukuta uliopigwa moshi ni daftari.
Palipokuwa na saa pana duara jeupe.
Kalenda imeacha umbo lake na tundu la msumari.
Kochi limeacha mgongo.
Na juu ya meza ya televisheni
pana mraba mweupe, upana wa viganja viwili,
pembe zote nne zimekaa sawa.

Kitu kilikuwapo moto ulipokuwapo.
Baadaye kikaondolewa.
Saa tumeikuta sakafuni, kalenda imo mfukoni mwa taka.
Hiki hakimo kwenye orodha.

"Hapa palikuwa na nini, Bi Kidawa, niandike?"
Kakaa mlangoni kwenye kiti cha kuazima,
mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba.
"Hapo? Hapakuwa na kitu."
Haraka mno.
Na mumewe, Bwana Mkubwa, aliyekuwa akihesabu sahani zilizopona,
bila kugeuka:
"Hapakuwa na kitu."
Kisha akaanza kuhesabu upya.

Nikaandika: hapakuwa na kitu.
Miaka kumi na mmoja kazi hii.
Nyumba ikiungua, wenyewe huvuliwa nguo mbele ya mafundi,
na fundi mwenye adabu
hutazama sponji yake.

Siku ya tatu ndipo tukaingia na maji,
ya vuguvugu, sabuni ya kuhesabu matone,
tambara limekamuliwa mpaka linalia.
Nilianza mbali, kule dirishani,
nikawa nausogelea ule mraba.
Weupe wa nje ukaukaribia weupe wa ndani,
ukingo ukawa kamba, kamba ikawa uzi,
uzi ukawa unywele.
Hapo nikasita.
Nikamtazama. Akanitazama.
Akaniashiria kwa kidevu: futa.

Nikafuta.

Jioni akatushukuru, akatupa maji ya kunywa,
akasema sasa anafukiza udi, nyumba inukie nyumba.
"Moshi hautoi moshi, bibi," Shaame akamwambia.
"Tumekuwekea vikombe vya magadi kila pembe,
acha madirisha wazi siku nne."
Naam, akasema, naam, naam, baba,
macho yake yako kwenye chetezo.

Tuko chini, ndoo tumezipanga, gari halijawaka,
udi ukatushukia ghorofa zote nne.
Shaame akacheka mpaka akakohoa.
Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine:
huko juu, dirisha wazi kama tulivyoagiza,
mtu anapigilia msumari,
taratibu, kwa mkono mzito
usio wa Bi Kidawa.